Ufunguo Wako Anao Nani?

Sanduku ni la bati, limepakwa rangi ya kijani, kubwa kidogo kuliko tranka la mwanafunzi wa bweni. Lina kufuli tatu. Anayelilaza chumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Funguo wamegawiwa watu watatu wanaokaa nyumba tofauti. Jumapili saa tisa alasiri, chini ya mwembe, uani kwa mtu huko Mbagala, Dar es Salaam, wanachama ishirini na sita wa kikundi cha akiba, wanaume wanne tu kati yao, wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki wakimsubiri mshika ufunguo wa tatu. Amechelewa. Ni muuza vitumbua, na mtoto wake ana homa tangu juzi. Akafika anahema, akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo na noti ya shilingi elfu moja kwa pamoja.

"Faini yangu hii, mama mwenyekiti."

"Pole na mgonjwa, mwanangu. Kaa kwanza upumue," akajibu mwenyekiti, na noti akaipokea.

Mimi nilikuwa pale kumsindikiza mama mdogo, ambaye mguu ulikuwa unamsumbua. Nyumbani nilikuwa nimeacha daftari zuri la jalada gumu, nililolinunua mwishoni mwa Desemba nikaandika humo malengo ya mwaka: kuweka akiba kila mwezi, kuamka alfajiri, kupunguza simu, kuacha ukali kwa wadogo zangu. Siku hiyo ilikuwa Machi. Akiba ilikufa Januari ileile, wiki ya ada. Mama mdogo, ambaye kipato chake hakifiki nusu ya changu na hajawahi kufungua kitabu chochote cha mafanikio, hakuwa amekosa kununua hisa hata wiki moja kwa miaka minne. Nikabaki najiuliza ana nini ambacho mimi sina.

Jibu jepesi ni kwamba ana nidhamu. Ndilo linalouzwa kwenye meza za vitabu katikati ya jiji, kwenye semina za hotelini na kwenye video za wahamasishaji. Nalo huja kwa mpangilio uleule: kwanza ujitawale, kisha ujitambue, na ukishakuwa mtu kamili mahusiano mazuri yatajileta yenyewe. Robin Sharma, mwandishi wa Canada, alitoa mwaka 2018 kitabu kizima cha kuwashawishi watu waamke saa kumi na moja alfajiri. Kimeuzwa sana, hata huku kwetu. Saa hiyo muuza vitumbua wetu ameshamaliza karai la pili. Kama kuamka mapema ndiko kunakomtoa mtu kimaisha, Mbagala yote ingekuwa imehamia Masaki kwa matajiri.

Mimi naona mpangilio huo umepinduliwa, miguu juu kichwa chini. Watu hutangulia. Kujitambua hutoka kwao, na kujitawala huja mwisho kama matunda. Sisemi hivi kwa kuwa Mwafrika ni mtu wa jamii, kauli ambayo imesemwa hadi imechakaa. Nasema kwa sababu hata waliotumia maisha yao kulichunguza jambo hili maabarani, huko ambako kila kitu hupimwa kwa mtu mmojammoja, wamejikuta wakirudi kwenye watu.

Tuanze na neno lenyewe. Nidhamu tumelichukua kwa Waarabu, na mzizi wake unahusu kupanga vitu kwa mfuatano, hasa lulu au shanga kwenye uzi. Katika mzizi huohuo limetoka neno nadhimu, la ushairi. Kiswahili nacho, kwa njia yake, kina kitenzi kimoja kwa kazi hizo mbili: tunatunga shanga na tunatunga mashairi. Humo hamna habari ya kukaza meno wala kujipiga kifua. Kuna uzi, na kuna ushanga uliokaa mahali pake kwa sababu mwingine umekaa kando yake.

Jaribio maarufu kuliko yote kuhusu kujizuia ni la Walter Mischel. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, alimweka mtoto mbele ya kitamutamu, akamwambia: ukikila sasa utapata hiki kimoja, ukisubiri mpaka nirudi utapata viwili. Miaka baadaye aliwafuatilia watoto wale, akakuta waliosubiri walikuwa wakifanya vizuri zaidi masomoni. Hadithi hiyo ikazunguka dunia. Wahubiri wanayo, wakuu wa shule wanayo, nami niliisikia kwenye harusi, ikitolewa kama nasaha kwa bwana harusi aliyekuwa amechelewa saa mbili.

Kinachosimuliwa kwa nadra ni kilichotangulia na kilichofuata. Kabla ya Stanford, katika miaka ya 1950, Mischel alikuwa Trinidad akiwapa watoto uchaguzi wa peremende ndogo leo au kubwa wiki ijayo. Aliona kwamba watoto wanaoishi na baba nyumbani walikuwa wepesi zaidi kuchagua kungoja. Kumbe tangu mwanzo suala halikuwa ulimi wa mtoto tu. Lilikuwa pia kama mtoto amezoea kuona mtu mzima akiahidi jambo na kulitimiza. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walilishika hilo moja kwa moja. Watoto 28 waligawanywa mafungu mawili: wa kwanza walikutana na mtu aliyewaahidi rangi nzuri za kuchorea akazileta, wa pili wakaahidiwa vilevile, mtu akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Ndipo kikaletwa kitamutamu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri dakika 12 kwa wastani. Waliodanganywa, dakika 3. Mtoto aliyekula mapema hakuwa mlafi. Alikuwa amepiga hesabu yake, na hesabu ilikuwa sahihi.

Mwaka 2018 jaribio la Stanford lilirudiwa Marekani kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ukapungua hadi nusu, na walipoingiza katika hesabu hali ya familia na uwezo wa awali wa mtoto, theluthi mbili ya uliobaki ikayeyuka. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ninayoyapenda kuliko yote. Watafiti kutoka Ujerumani walilipeleka jaribio kwa watoto wa miaka minne wa Wanso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kamerun. Wale wa Ujerumani waliwekewa chokoleti au pipi ya kijiti. Wa Kamerun waliwekewa puff-puff, andazi la duara ambalo hapa kwetu lingepita kwa jina la kalimati kubwa. Kati ya Wajerumani, waliosubiri hawakufika asilimia 30. Kati ya Wanso, karibu asilimia 70. Watoto wengine walisinzia kwenye kiti. Hakuna aliyewafundisha semina. Wamelelewa katika nyumba ambazo mtoto hukatazwa mapema na hupewa kazi mapema.

Kwa upande wa utashi wenyewe, ule unaosemwa kuwa ni msuli, nitapita haraka kwa sababu hakuna mengi yaliyobaki. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake walidai kwamba mtu akijizuia kula biskuti, nguvu ya kujizuia humpungukia katika kazi inayofuata. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu kuliona hilo kwa watu zaidi ya elfu mbili zikaambulia patupu, au karibu na patupu. Wilhelm Hofmann naye, katika utafiti uliochapishwa 2012, aliwapa watu wazima 205 huko Ujerumani vifaa vya kuwauliza mara kadhaa kwa siku wanatamani nini. Wale waliojulikana kwa kujitawala hawakuwa mashujaa wa kupambana na vishawishi. Walikutana na vishawishi vichache. Walikuwa wameyapanga maisha yao hivi kwamba biskuti haifiki mezani. Shanga na uzi, tena.

Lakini tuache maabara, maana mtu atasema hayo ni ya watoto na wanafunzi. Tumchukue mtu ambaye jina lake limekuwa kisawe cha nidhamu duniani. Eliud Kipchoge, mtoto wa mwalimu wa chekechea kutoka Nandi, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mara mbili. Picha zake zimebandikwa ofisini kwa watu wasioweza kupanda ngazi. Wanaozibandika humwona peke yake: mtu mmoja, barabara moja, uso mtulivu.

Sasa tazama anavyoishi. Kwa miaka na miaka, Jumatatu hadi Jumamosi, Kipchoge amekuwa akilala kambini Kaptagat, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, katika chumba cha kawaida, na familia yake iko Eldoret, mwendo mfupi tu kwa gari. Ni mtu mwenye uwezo wa kujenga uwanja wake binafsi. Pale kambini kuna zamu za kusafisha, vyoo vikiwemo, na tajiri huyo yumo kwenye orodha kama kijana aliyefika juzi. Alfajiri hajiulizi kama ana hamu ya kukimbia. Nje kuna kundi limeshavaa viatu linamngoja. Ratiba haitungi yeye. Tangu ujana humtungia Patrick Sang, jirani wa nyumbani aliyekuwa amerudi na medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kutoka Barcelona 1992. Kijana alimwendea kuomba mazoezi ya kufanya, akayamaliza, akarudi kuomba mengine, na hajaacha kurudi. Kila zoezi tangu 2003 analiandika daftarini. Ndiyo, naye ana daftari. Ila la kwake linaandikwa yaliyokwisha kufanyika, langu lilikuwa na yatakayofanyika.

Na ile Oktoba 12, 2019, alipokimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mbele yake na nyuma yake walikuwa wakipokezana waongoza kasi 41, wengine mabingwa wa dunia kwa haki yao, wakimkinga upepo kwa umbo lililopimwa, huku gari likiwamulikia barabarani mstari wa kufuata. Kwa sababu hiyo muda ule haukuingia katika rekodi rasmi. Wanaolinda vitabu vya rekodi wana haki yao. Mimi naona siku ile ndiyo mara pekee nidhamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni ilivyo, wasaidizi wakiwa ndani ya picha.

Turudi Mbagala. Sanduku lile la kufuli tatu lina ukoo. Mtindo wake ulianzia mkoa wa Maradi nchini Niger mwaka 1991, shirika la CARE liliposaidia vikundi vya wanawake vilivyojiita kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Ukaingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukapata jina la VICOBA, na watu wakalifanya kikoba na vikoba kama neno la babu zao. Ardhi ilikuwa imeshalimwa: upatu ulikuwapo, mchezo ulikuwapo, Kenya walikuwa na vyama vyao. Kilichoongezeka ni kwamba fedha haigawiwi siku ileile. Inalala, inakopeshwa, inazaa, na mwisho wa mzunguko kikundi kinavunja na kila mmoja anachukua chake.

Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio magharibi mwa Kenya kwa vyama vya mzunguko zaidi ya mia moja, matokeo yakachapishwa 2013. Walitaka kujua nini kitamsaidia mtu wa kipato kidogo kuweka akiba ya afya, kwa mfano chandarua. Wengine walipewa kisanduku cha chuma na ufunguo wake. Wengine walipewa kisanduku, ufunguo ukabaki kwa afisa wa mradi mpaka fedha itimie. Wengine waliundiwa mfuko maalumu ndani ya chama chao. Kisanduku cha kawaida kilisaidia sana, ingawa mwenyewe angeweza kukifungua wakati wowote. Mfuko wa chama ulisaidia zaidi ya vyote. Kile cha afisa, chenye ulinzi mkali kuliko vyote, kwa kununua vitu vya kinga hakikusaidia.

Hapo pana mambo mawili ya kutafunwa polepole. La kwanza, kufuli ya mgeni haikufaa. Mtu anaogopa kutia fedha mahali ambapo mtoto akiugua usiku hataweza kuzitoa, kwa sababu afisa hajui mtoto wake wala usiku wake. La pili ni la kuchekesha na kuuma. Kwa nini kisanduku ambacho mtu anaweza kukifungua mwenyewe kimsaidie? Sehemu ya jibu ni kwamba humpa neno la kusema. Fedha iliyo mfukoni ni ya ukoo. Shemeji akija na shida yake, huwezi kumwambia "sina" na noti zinachungulia. Fedha iliyo kwenye sanduku la afya ina jina, na shemeji akiambiwa hivyo huelewa. Wengi wetu tunaojilaumu kwa ubadhirifu hatukuzitapanya fedha kwenye starehe. Tulishindwa kusema hapana kwa mtu tunayempenda, Januari, wiki ya ada. Vitabu vya ng'ambo vya nidhamu vina sura ndefu kuhusu biskuti na simu. Sijaona chenye sura kuhusu shemeji. Mama mdogo analo jibu tayari: "Zipo kikobani, mwanangu. Njoo Jumapili uombe mkopo kupitia kwangu, nitakudhamini." Ameshasema hapana, na undugu haujachanika.

Kuhusu kujitambua, kwanza niseme neno hili limeharibiwa. Siku hizi mtaani "anajitambua" ni sifa ya mtu aliyevaa vizuri na kuwa na msimamo mitandaoni. Lakini wahenga walishaliona tatizo: nyani haoni kundule. Hakusemwa kuwa mjinga. Sehemu yenyewe tu iko mahali ambapo macho yake hayafiki. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha la vioo vinne: ninayoyajua mimi na watu wanayajua, ninayoyaficha, yasiyojulikana na yeyote, na yale ambayo watu wote wanayaona isipokuwa mimi. Wakaliita Johari, na msomaji wa Kiswahili hudhani wamechota kwetu neno la kito. Sivyo, ni Joe na Harry wameunganishwa. Ila limewatoka vizuri.

Karne nyingi kabla yao, Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameandika katika sehemu ya kitabu chake kikuu inayohusu kuizoeza nafsi kwamba mtu ana njia nne za kuzijua aibu zake: mwalimu anayeona ya ndani, rafiki mkweli, ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu ili kila baya analoliona kwa mwingine ajikague nalo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanyika mbele ya kioo. Ile muhasaba ya usiku, mtu kuketi na kuihesabia nafsi yake, anaitaja pia kwa kirefu, lakini kwa mfano wa mfanyabiashara anayefungua vitabu na mbia wake. Hata ukiwa peke yako chumbani, lazima uwe wawili.

Sisi Watanzania tuna chombo cha kioo kile cha nne cha Johari, na tunakitumia kwa mzaha hata tumesahau kazi yake. Ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na leo ni watani wanaotupiana maneno msibani na ofisini. Katika msiba wa mjomba wangu mmoja, aliyekuwa mwema kwa kila hali isipokuwa kushika fedha, mtani wake alivaa koti la marehemu, akachukua daftari, akazunguka kwa waombolezaji mmoja mmoja akiwauliza kwa sauti ileile ya mjomba kama wana nauli ya kumkopesha, atawarudishia mwisho wa mwezi. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Binamu yangu, mtoto wake mkubwa, hakucheka sana. Alikuwa na madeni ya aina hiyohiyo, na kila mtu pale alijua. Baadaye alinong'ona kwamba hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwambia siku ile bila wao kupigana. Mtani ana ruhusa. Hatumwi na wivu, na hatakiwi kuomba radhi. Ningependa kujua kijana aliyezaliwa na kukulia kwenye ghorofa Dar es Salaam, asiyejua watani wake ni nani, anapata wapi habari za kisogo chake.

Mahusiano yenyewe sitayaelezea sana. Hoja yote imeshakuwa juu yake. Itoshe kutaja utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 na wanafunzi 268, John Kennedy akiwa miongoni mwao, ukaunganishwa baadaye na vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston, na hadi sasa unaendelea na watoto wao. Robert Waldinger, anayeuongoza, husema kwamba ukitaka kujua nani atakuwa na afya akiwa na miaka 80, kuridhika kwake na mahusiano yake akiwa na miaka 50 kunakuambia zaidi kuliko kipimo chake cha kolesteroli. Na kutaja Harare, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14, akawaketisha kwenye mabenchi nje ya zahanati kusikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, na sisi tunachokisema kwa neno moja: mawazo. Matokeo ya jaribio la watu 573 yalichapishwa 2016. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona miongoni mwa walioketi na mabibi walikuwa asilimia 14. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50. Bibi hakumpa mtu utashi. Alimuuliza, akanyamaza, akamwacha achague tatizo moja la kuanzia, akamwambia arudi wiki ijayo.

Kipimo kikali kuliko vyote cha kujitawala ni uraibu, na huko hakuna tena anayejidanganya. Kundi la walevi waliojisaidia wenyewe, Alcoholics Anonymous, lilianza mwaka 1935 mjini Akron, siku mlevi mmoja alipogundua kwamba njia ya kutokunywa leo ni kuongea na mlevi mwingine. Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni Februari 2011, walioacha heroini walitakiwa kufika kila siku na kunywa dozi yao mbele ya mhudumu wa afya. Teja aliyeionja arosto, ule uchungu wa mifupa na baridi ya mchana kweupe, hakuambii habari za msuli wa utashi. Anakuambia nani alimwamsha asubuhi ile, na nani alimpa nauli.

Sasa upande wa pili, maana nitakuwa mwongo nikiishia hapa. Kikundi kinaweza kumla mtu. Nimewaona wanawake wanaokopa mikopo ya kausha damu, riba ya kila wiki, ili tu waonekane na marejesho siku ya Jumapili. Nidhamu kwa nje, moto kwa ndani. Wako waliouza cherehani kwa aibu ya kusomwa majina. Upo umoja wa kiukoo ambao kazi yake ni kumrudisha chini kila anayeinua kichwa, na zipo ndoa ambazo mmoja ameshika funguo zote tatu na kuita hali hiyo malezi. Kushikiwa ufunguo na mtu ambaye wewe huna ufunguo wake ni kutawaliwa. Hakuna jina lingine. Wanaoonya kuhusu watu huonya kwa sababu watu wamewaumiza, na onyo lao ni la kweli.

Ndiyo maana hesabu ya sanduku inanivutia kuliko falsafa. Funguo ni tatu, si moja. Mwenye ufunguo naye hulipa faini, tena kuliko wengine, kwa kuwa akichelewa yeye wote wamekwama. Mwenyekiti alisema pole na fedha akaipokea, yote mawili kwa pumzi moja. Angeisamehe faini, wiki ijayo wangechelewa watano. Angeipokea bila pole, mama yule angekaa na donge, na mwakani asingerudi. Sijui shule gani inafundisha sentensi ile, lakini nimewahi kuwa na wakubwa wa kazi wenye shahada tatu ambao hawakuwa nayo, na niwe mkweli, mimi kwa wadogo zangu sikuwa nayo pia. Nilikuwa na faini tu.

Mzunguko mpya wa kikundi kile ulianza wiki ya pili ya Januari, nami nikaomba kujiunga. Katiba yao, kurasa nne zilizochapwa na kutiwa plastiki, inasema mgeni haingii peke yake: adhaminiwe na wanachama wawili, na mmoja wao asiwe ndugu yake. Mama mdogo alikuwa wa kwanza. Wa pili alijitolea muuza vitumbua. Kabla ya kutia sahihi aliniuliza jambo moja tu: nyumba yetu ni ipi pale mtaani.